Vikombe Viwili vya Sembe kwenye Rejeta

Aibu hii nimeibeba miaka minne sasa, na kwa kuwa nusu ya Songea wanaisimulia vizuri kuliko mimi, nimechoka, acha niiseme mwenyewe.

Nina pikipiki kubwa, ya zile zinazopoozwa kwa maji kama gari, rejeta yake iko mbele (niliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na nakumbuka aliondoka akitabasamu). Siku mbili kabla ya kumbukumbu ya vita vya Maji Maji niliona rejeta inavuja, tone moja moja, nikaenda kwa fundi wangu pale Mjimwema.

"Mwalimu, usiiguse," akasema. "Rejeta nyingine inaingia na basi kesho kutwa jioni."

Kesho kutwa jioni ningekuwa nimeshachelewa, maana asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimemwahidi baba mkwe, kule Maposeni, kwamba nitamleta mjini mwenyewe. Babu yake mzee huyo aliuawa kwa risasi ya Mjerumani, na jina lake halikuwahi kutajwa kwenye kumbukumbu hata mara moja. Mwaka ule, baada ya kuomba sana, mzee alipewa dakika kumi, saa nne kamili.

Basi nikawakumbuka madereva wa malori ya mahindi, ambao rejeta ikivuja safarini hutia unga kidogo, unaziba tundu, wanafika. Wao hutia kijiko. Mimi msomi nikawaza, kama kijiko kinasaidia, vikombe viwili vitamaliza tatizo moja kwa moja. Nikatia vikombe viwili vya sembe, na asubuhi ya kumbukumbu nikaenda Maposeni kumchukua mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Hiki chombo kitatufikisha?"

"Nimekitengeneza mwenyewe, baba."

Akanitazama kidogo, akapanda. Alivaa koti jeusi alilofungia ndoa.

Hatukufika mbali. Kwenye mlima wa kwanza taa ya joto ikawaka, nikasimama, mzee akashuka, na mimi badala ya kusubiri injini ipoe (saa ilikuwa inakimbia, na nilitaka kuonekana najua) nikashika kitambaa nikafungua kifuniko. Ukatoka uji. Uji mzito, ulioiva, uliruka juu kupita kichwa changu, ukaniunguza vidole, ukaenda kutua kwenye koti la mzee (ulikuwa umeshapoa, nashukuru) kutoka begani hadi mfukoni. Akina mama waliokuwa wanapeleka mboga sokoni wakatua mizigo yao ili wacheke vizuri. Ikabidi nimkirie mzee yote, vikombe viwili na onyo la fundi.

Lori la mahindi likasimama. Dereva alikuwa Mhehe, kwa hiyo mtani wetu, na hakuwa na huruma.

"Wangoni! Siku hizi mnawapikia wakwe barabarani? Sukari mmetia?"

"Tupeleke mjini, mtani," nikamwambia.

"Mzee akae mbele na mimi. Mpishi apande juu ya magunia."

Tulifika saa tano na nusu. Mgeni rasmi alishaanza kuagana na watu. Mshereheshaji, kwa kumwonea mzee haya, akampa dakika mbili. Mke wangu, aliyekaa mstari wa pili, aliliona lile koti, akanitafuta kwa macho, akanipata.

Mzee akashika kipaza sauti.

"Babu yangu alinyweshwa maji yaliyotiwa nafaka, akaambiwa yatamkinga na risasi. Akaamini, akaenda, akafa. Hakuwa na shule, na hakuwa na mtu wa kumwuliza." Akajipangusa bega. "Mkwe wangu huyu ana digrii mbili, na fundi alimwambia asiguse."

Uwanja mzima ukacheka, hata mgeni rasmi akakaa tena. Mzee akasubiri mpaka wakanyamaza kabisa, halafu akalitaja jina la babu yake, taratibu, mara tatu, na watu wakalirudia.

Rejeta yangu siigusi tena, hata maji humwachia fundi aongeze. Na mzee hupewa nafasi kila mwaka, dakika zake kumi kamili. Hulivaa koti lilelile, na dakika ya kwanza ni ya uji wangu.