Kichaka Katikati ya Uwanja

Jumamosi iliyopita tulikwenda Gehandu kuposa, mimi nikiwa msemaji wa upande wa kijana. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri, ila katikati palisimama kichaka cha maua ya mwituni ya rangi ya chungwa, kimejaa nyuki. Shangazi wa binti aliona aibu, akachukua jembe.

"Usiking'oe, shangazi," binti akasema taratibu. "Marehemu baba alikitoa mlimani. Wakati wa kiangazi kinakauka, mvua zikianza kinachipua tena. Nyuki wakija hapa, maboga yetu yanazaa."

Shangazi akatutazama sisi wageni. "Watasema hujui usafi."

Mama wa kijana, ambaye uwanja wake kule Dongobesh hauna hata jani, alisogea karibu na kichaka. Aliinama, akagusa shina kwa vidole viwili.

"Nichimbieni kipande chenye mizizi," akasema. "Nitakipanda mbele ya mlango wangu, huyu mtoto akija asijione mgeni."

Shangazi akapiga magoti, akaanza kuchimba polepole kwa jembe lilelile.

Hotuba yangu ya posa nilikuwa nimeiandaa wiki nzima. Nilirudi nayo nyumbani haijaguswa.