Vipepeo Waliopinga Upepo

Nilipokuwa mtoto kule kwetu upande wa Mutomo, tulikatazwa kumtangulia kipepeo mweupe. Nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alisema vipepeo wakipita kwa wingi wanaelekea iliponyesha mvua, na anayejitia mbele yao huifukuza. Siku hizi nikiyakumbuka nacheka. Mwaka ule wa ukame sikucheka hata kidogo.

Tulikuwa tumebaki na ng'ombe mmoja. Maziwa yake ndiyo yaliyomweka hai mdogo wangu mchanga, kwa kuwa ya mama yalikuwa yamekauka. Baba alitaka kumpeleka ng'ombe magharibi, vilimani. Kabla hajaondoka vipepeo wakatokea, weupe, wengi ajabu, wakipita juu ya paa letu kuelekea mashariki.

“Ng'ombe iende na hizo,” Susu akasema.

“Mama, hiyo ni mambo ya giza,” akajibu baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. “Zinasukumwa na upepo tu.”

“Upepo si unatoka huko zinaenda? Simama hapo nje uone kama hautakupiga uso.”

Baba alitoka, akasimama, akarudi akampa Susu kamba ya ng'ombe. Kulipokucha tukaondoka, Susu akivuta kamba, mimi nikifuata na fimbo. Kila kundi jipya la vipepeo lilipotufikia, Susu alisimama lipite kwanza. Nilikasirika, maana ng'ombe alikuwa akiishiwa nguvu na sisi tunapisha wadudu.

Adhuhuri wingu zito likafunika jua. Vipepeo wote wakashuka vichakani, wakafunga mabawa. Ng'ombe naye akalala chini.

“Susu, zimepotea?”

“Nyamaza. Tungoje.”

Nilimfikiria mtoto nyumbani, aliyeachiwa maziwa ya asubuhi ile tu. Tulikaa pale hadi nikaanza kulia kimyakimya. Jua lilipochungulia tena, vipepeo waliinuka pamoja wakashika njia ileile. Tukamwinua ng'ombe, Susu akivuta pembe, mimi mkia.

Jioni nilikanyaga udongo wenye unyevu. Palikuwa na nyasi fupi, mbichi, na ng'ombe alianza kula kabla hatujamfungua kamba. Kesho yake baba alifuata nyayo zetu, akamleta mama, mtoto akiwa mgongoni. Kanisani baba alimshukuru Mungu kwa kutuonyesha njia, bila kutaja kipepeo. Susu alimwitikia amina kwa sauti kuliko watu wote.

Baadaye nilisoma kwamba vipepeo wasafirio mbali huongozwa na jua, na linavyosogea angani wao hujirekebisha wasipotee. Nikaelewa kwa nini wingu liliwasimamisha. Lakini jua haliwaambii mvua imenyesha wapi. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza Susu kama siku ile alikuwa na hakika.

“Hakika ya wapi?” akasema. “Nilikuwa naogopa kuliko wewe. Lakini ningekuambia hivyo, nani angeinua ng'ombe na mimi?”

Nilimpenda upya siku hiyo, kwa hofu aliyoibeba peke yake ili mimi niweze kutembea.