Kidole cha Afande

Lami ilikuwa bado mpya Chimala, na sisi watoto tulikuwa na michezo miwili ya kuuana.

Wa kwanza ulikuwa polisi na wezi. Bunduki zilikuwa mabua ya mahindi. Afande alikuwa mtoto wa mkufunzi wa mgambo, mrefu kuliko sisi sote, kofia ya baba yake ikimfunika mpaka masikioni. Akikuelekezea bua akasema "pa", umekufa. Maiti walikaa kwenye ukuta wa ghala la mpunga mpaka mchezo uishe. Mdogo wangu wa kiume, ambaye homa ilimwachia mguu mmoja mlegevu, kila siku alipangwa mwizi, na kila siku alikuwa wa kwanza kukaa ukutani. Jioni moja tukirudi nyumbani alinishika mkono. "Dada, kesho na mimi niishi kidogo."

Mchezo wa pili niliutoa kwa bibi yangu, Iringa. Zimwi limemeza kijiji kizima, lakini hurushi mkuki kabla hujaliuliza limemmeza nani, nalo lijibu kwa wimbo. Likishaanguka, hukatwa kidole cha mwisho, na wote waliomezwa hutoka wazima, na ng'ombe wao. Wavulana waliukubali siku za mvua tu, tukiwa tumebanana barazani. Walisema una maneno mengi na hakuna anayekufa sawasawa.

Kesho yake mdogo wangu alijificha nyuma ya kichuguu. Afande akamnyatia kwa nyuma, akampiga risasi ya mgongo. Mdogo wangu hakuanguka. Alisema hajafa, kwa sababu hakuambiwa asimame. Polisi wote wakacheka, mimi nikiwa mmoja wao na bua langu begani.

"Maiti haina mdomo," afande alisema. "Nenda ukutani."

"Baba yako husema simama kwanza," mdogo wangu akajibu. "Tunamsikia kila siku."

Kicheko kikakatika. Kweli tulimsikia, kule kiwanja cha shule, akiwafundisha mgambo: simama, kisha simama tena, ndipo bunduki ipande. Mdogo wangu alinitazama. Sijui maneno yalinijia kutoka wapi, ila yalikuja yakiwa yamepangika.

"Asiyesema simama si polisi," nilisema. "Ni zimwi, na amemeza mtu. Toa kidole."

Afande aliniita hakimu wa jikoni. Niliweka bua langu chini. Msichana aliyekuwa kando yangu akaweka lake, kisha wavulana, mmoja baada ya mwingine, wakikwepa macho ya afande wao. Akabaki afande asiye na jeshi. Alivua kofia, akanyoosha kidole cha mwisho, nami nikapitisha unyasi juu yake polepole, kama bibi alivyokuwa akionyesha.

Nilikuwa nimemfikiria mdogo wangu peke yake. Lakini wote waliokaa ukutani waliijua hadithi. Waliinuka kwa pamoja, wengine wakilia kama ng'ombe, wakatawanyika mashambani, na mdogo wangu akiwa mbele yao, mguu ukiburuta vumbi.

Siku hizi naandika riwaya, na watu wananisifu kwa mambo madogo kuliko lile. Tangu siku hiyo, pale ghalani, hakuna aliyepigwa risasi bila kuambiwa simama.

Jioni mama, akipepeta mchele, alimwuliza mdogo wangu kwa nini ana vumbi hadi kichwani.

"Leo sikufa," akasema, akaomba maji.