Wimbo Ambao Gakii Aliukimbia

Kila baada ya chakula cha mchana, Bi Morag alipoweka santuri yake, Gakii alikimbilia jikoni na kufungulia bomba hadi mwisho. Sahani zilikuwa zimeshaoshwa, lakini aliziosha tena. Bibi wa watu pengine alidhani ameletewa mtunzaji mwenye wazimu wa usafi.

Kumbe alikuwa akiukimbia wimbo. Mwimbaji alikuwa mwanamke wa visiwa vya Uskoti, akimbembeleza mtoto kwa lugha ambayo hata Waingereza wenyewe hawaijui. Na Gakii alikuwa na mimba ya miezi minane chini ya sweta la mumewe. Kwao Meru, angalau nyumbani kwa mama yake, mtoto ambaye hajazaliwa hanunuliwi nguo, hapewi jina, wala haimbiwi. Ukimshangilia mapema, unayaita mabaya.

Nawe usiseme ni ushamba. Mimba ya kwanza Gakii aliidharau miiko hiyo. Si alikuwa London? Alinunua kitanda, blanketi na soksi za manjano, na wenzake wa kanisani wakamfanyia baby shower ya kukata na shoka. Mtoto, msichana, akazaliwa kimya, hana uhai. Naftali, mumewe, alikifungua kitanda kile vipande vipande. Safari hii Gakii hakununua hata pini. Ofisini kwa waliomwajiri aliwaambia kwa kuwa sheria inataka. Wengine wote aliwadanganya kwamba amenenepa.

Jumanne moja mtoto hakucheza. Asubuhi Gakii alijiambia amelala. Alipofika kazini kwa Bi Morag, Lewisham, alikunywa maji baridi, akala kipande cha keki, akajilaza kiubavu kwenye kochi ili amwamshe. Kimya. Akampigia Naftali, aliyekuwa kazini uwanjani Wembley.

"Baby hajamove tangu asubuhi," alinong'ona.

"Enda hospitali sasa hivi. Call office, waambie ni emergency. Nitakupata huko."

"Naogopa, Naftali."

"Hata mimi naogopa. Lakini enda, tafadhali."

Hakwenda. Hospitali ndiko alikoambiwa mara ya kwanza kwamba mtoto amekufa, na maadamu hajaambiwa, mtoto wake alikuwa bado hai. Aliketi jikoni. Sebuleni santuri ikaanza, na safari hii hakuwa na nguvu za kufungulia bomba.

Basi akausikia wimbo wote. Hakuelewa neno hata moja, lakini yule mwanamke hakuwa na haraka wala woga. Aliimba kama mtu aliyekwisha kukubali kukesha. Mabega ya Gakii yakashuka. Alipumua mpaka chini, pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu ajue ana mimba, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu cha kuogopa. Wimbo ulipokwisha, hofu ikarudi, naye akaanza kulia.

Bi Morag aliingia akikokota fremu yake ya kutembelea.

"Ni mtoto?" aliuliza. Alikuwa amejua siku nyingi. Sweta halimfichi mwanamke aliyezaa wanne.

"Hachezi, Shosho," Gakii akajibu. Alikuwa amemzoesha jina hilo la mabibi wa nyumbani.

"Basi unafanya nini jikoni kwangu? Vaa koti. Naita teksi."

"Huo wimbo," Gakii akasema bila kuinuka, "unamwimbia nani, na humu hamna mtoto?"

"Mama yangu aliliimbia tumbo lake. Kwetu watoto walikuwa wakifa sana. Aliona bora aimbe mapema, asije akakosa nafasi." Akamsukuma begani. "Haya, nenda. Mimi sitakufa kabla hujarudi."

Ndani ya teksi Gakii hakuondoa mikono tumboni. Alimfikiria yule wa kwanza. Alimnunulia kila kitu, lakini wimbo alimwekea hadi azaliwe, na alipozaliwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimba. Alizikwa bila kubembelezwa hata mara moja.

Hospitalini, Naftali akiwa bado njiani, mkunga alimpaka jeli tumboni akaichukua mashine ya kusikilizia moyo. Gakii akamshika mkono.

"Ngoja kidogo tu," akamwomba.

Akauimba wimbo wa Bi Morag. Penye maneno asiyoyajua aliweka "lala" na "mwanangu". Kama mtoto ameshaondoka, asiondoke kama mwenzake. Mkunga alisubiri, mashine mkononi, mpaka Gakii alipofika mwisho na kumwachia mkono.

Mashine ilikwaruza. Ikahamishwa, ikakwaruza tena, na Gakii akafumba macho. Kisha moyo ukasikika, mdogo na wa mbio, ukijaza chumba kizima.

"Huyu hapa," mkunga akasema. "Tutamwangalia kwa muda, lakini yupo. Unasikia?"

Gakii aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa ameshauanza wimbo upya, sasa akimwimbia yule wa kwanza.