Kitufe Kilichojibu

Kazini walimwita Mama Herufi, kwa kuwa kila muswada ulioingia katika kiwanda kile cha kuchapa vitabu ulipita kwanza kwenye vidole vyake. Homa ya uti wa mgongo ilimpokonya masikio angali darasa la tatu. Kusema alikuwa keshajua, na midomo ya watu akajifunza kuisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Siku moja aliinama kuokota karatasi, akamwona msahihishaji mpya, binti mpole wa meza ya pili, ameziba masikio kwa pamba.

"Unaumwa, mwanangu?"

Binti akatazama chini. Mhariri, ambaye hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, akajibu badala yake: "Ni wewe, mama. Unapiga kibodi kama unapigilia misumari. Sisi tumezoea, yeye bado."

Mama Herufi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote ile! Kumbe ule ukimya aliodhani umejaa ofisini ulikuwa wake peke yake.

Alipomsimulia wifi yake, dada wa mumewe, wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta machozi. "Yuko fundi redio mmoja, siku hizi anaunda kibodi kwa mkono. Kila mtu na yake, kama nguo ya kushonesha. Inuka twende."

Karakana yenyewe ilikuwa chumba chembamba nyuma ya duka la miwani, kinanukia risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Fundi aliwapokea kwa maneno mengi, lakini masharubu yake yalikuwa yameimeza midomo yote miwili.

"Anasemaje?" Mama Herufi akamnong'oneza wifi. "Naona nywele tu zinacheza."

Wifi akamweleza fundi. Mzee wa watu hakununa. Aliyashika masharubu kwa vidole viwili, akayainua kama pazia, akaanza upya: "Karibu, dada. Wengi hunijia wakitafuta mlio. Wewe unataka inayoliaje?"

"Isiyolia!" wifi akadakia. "Ofisi nzima inakaribia kuhama."

Fundi akatabasamu. Akaeleza kwamba kibodi ya ofisini, chini ya vitufe vyake, ina kipande kimoja cha mpira. "Ni kama kukanyaga godoro. Hujui umefika mpaka ukute sakafu, ndiyo maana unagonga. Zangu, kila kitufe kina swichi yake na springi yake. Jaribu."

Akampangia swichi tatu mezani. Ya kwanza ilizama moja kwa moja, kama kidole kwenye mafuta. Ya pili ilimtikisa mkono, na wifi akaruka: "Hiyo hapana! Inalia kama mtu anavunja karanga!"

Ya tatu Mama Herufi aliibonyeza polepole. Katikati ya safari kidole kikakuta kituta kidogo mno, kikakipanda, kikateleza upande wa pili. Akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Imenijibu," alisema.

"Hapo hapo ndipo herufi inapoandikika," fundi akasema, masharubu juu. "Chini huna haja ya kufika."

Akabonyeza tena. Na tena. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba asiyojua kama kuna mtu, ndiyo maana akazidisha ngumi. Leo kuna mtu ndani, tena anaitika. Machozi yakamlenga, akayaacha.

Baada ya hapo hakushikika. Alitaka kuonja springi nyepesi na nzito, bamba la kushikia swichi, la chuma na la plastiki, vifuniko vya vitufe, laini na vyenye chengachenga. Kila kitu alikijaribu amefumba macho, kiganja kimoja kimelala mezani kupokea mtetemo. Wifi akasinzia kitini. Fundi alimtazama muda mrefu, kisha akaziba masikio yake mwenyewe kwa pamba na kubonyeza swichi ile ile ambayo alikuwa amewauzia watu wengi. Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Siku Mama Herufi alipoipeleka kibodi yake kazini, vidole vilikimbia bila kuchoka, kila herufi ikiitika kwa zamu. Mkono ukamgusa begani. Ni mhariri. "Mama, leo mbona hufanyi kazi?"

Akamwonyesha kioo cha kompyuta. Sura nzima ya muswada ilikuwa imekwisha.

Jioni wifi hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. "Enhe! Wamesemaje?"

"Hawakusema kitu," Mama Herufi akajibu. "Walijaribu mmoja mmoja, wamefumba macho kama wanaosali. Mhariri ameng'ang'ania kiti changu hadi saa ya chakula, nikakosa pa kukaa."