Harufu ya Majani ya Ng'ombe

Enzi zetu kule Uru, mlimani Kilimanjaro, na ninyi mliokulia Ujamaa mtanielewa, hakuna aliyenukia vitu vya dukani. Duka la ushirika lilikuwa tupu. Sabuni ikija, tulipanga foleni tangu alfajiri na bado iliisha kabla hatujafika dirishani. Tulinukia kazi zetu: moshi wa kuni, kahawa mbivu, maziwa. Mama alinukia majani. Aliteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo mlima kichwani, na mengine akayaanika darini, juu ya kitanda chetu. Tulicheza kujificha humo mpaka akatufokea, "Mnakanyaga chakula cha ng'ombe, halafu maziwa mnayataka." Harufu ile niliipenda kuliko zote, ndiyo maana hasira ya siku nitakayowasimulia haijapoa hadi leo.

Dada yangu mkubwa, Aichi, alipoolewa, shangazi yetu alipanda kutoka Njoro, Moshi mjini, na chupa ya manukato ya magendo, iliyovushwa mpakani kutoka Taveta, Kenya. Ilichorwa maua ambayo hakuna mtu mlimani aliyewahi kuyaona. Akampulizia bibi harusi shingoni, mikononi, mpaka kwenye shela, sisi watoto tukipiga chafya mlangoni. Kwetu, binti hatoki nyumbani kabla mama hajampaka siagi kidogo kwenye paji la uso, akamkumbatia na kumbariki. Mama akaja na siagi yake kwenye kibuyu, gauni lake limenyooshwa vizuri. Shangazi akasimama katikati yao.

"Wifi, usimguse. Utamwachia harufu ya majani ya ng'ombe."

Akina mama wengine wakacheka. Aichi akaangalia chini. Mama akarudi nyuma, akasema tu, "Haya, mwende salama," na binti yake akatoka bila baraka zake.

Mwaka huu nilimsimulia mwanangu aliyesomea kemia. Akaniambia kwamba zamani manukato yalitolewa kwenye maua na magome ya miti, mpaka wanakemia wa Ulaya walipojifunza kutengeneza harufu maabarani, kwa vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Hapo ndipo manukato ya kisasa yalipoanza. Nikamuuliza harufu zenyewe za mwanzo zilikuwa zipi.

"Mojawapo ni ya majani yaliyokatwa yakaanza kukauka, mama. Imo kwenye chupa nyingi mpaka leo."

Nilienda mjini nikanusa chupa moja baada ya nyingine, muuzaji akinitazama kama mwizi. Kweli, chini ya maua yale nililikuta dari letu. Yaani walipika lami kiwandani wapate kile alichokibeba mama kichwani bure, kisha shangazi yangu akakitumia kumfukuza mama asimguse binti yake!

Wajukuu zangu siku hizi wanajipulizia mpaka nzi wanapotea njia, na ukiwapa glasi ya maziwa ya kukamua wanaziba pua. Enzi zetu tulikosa sabuni, lakini ukikumbatiwa ulijua ni nani aliyekukumbatia hata ukifumba macho. Mama alitukumbatia hivyo mpaka siku ile ya harusi. Baada ya hapo, hadi anazikwa, hakumpokea mjukuu hata mmoja mikononi kabla hajatuuliza, kwa sauti ya chini, kama yeye mwenyewe ananuka.