Gari la Msiba Halikai Foleni

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, na kila asubuhi kabla ya chai humtajia moja moja. Bado nina mke, bado natembea mwenyewe hadi kanisani, macho yananitosha kusoma maandishi makubwa. Lakini kuna asubuhi moja ambayo sijaweza kuitia katika shukrani zangu, na nimejaribu kwa miaka mingi.

Ilikuwa wakati ule mashirika ya umma yanauzwa. Shirika nililoliendeshea magari tangu ujana lilipata mmiliki mpya, naye hakutaka madereva wa umri wangu. Kiinua mgongo changu nikakitia katika Land Rover kuukuu iliyopigwa mnada na shirika hilohilo. Nilikuwa nimeiendesha miaka tisa, najua kila mlio wake. Nikawa nabeba viazi kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru kuvileta sokoni mjini. Mvua ikinyesha, barabara za huko si barabara tena. Fundi aliniambia bila kuficha kwamba giaboksi haitamaliza masika mengine katika kazi ile, na ikifa, gari nitaliuza kama chuma.

Ndipo nikasikia kwamba kampuni moja ya utalii, yenye yadi njia ya Njiro, inatafuta magari matatu ya kukodi kwa msimu mzima, pamoja na madereva wake. Ukaguzi ni Alhamisi, mwisho saa sita mchana. Gari liwe safi juu, ndani na chini, maana mkaguzi angelala chali chini ya kila gari atafute oili inayovuja, na penye tope hakuna kinachoonekana. Gari chafu lisingevuka geti. Mke wangu alinipigia pasi shati jeupe la ibada, akalitundika kwenye gari.

"Livae ukishaosha," akasema. "Na usianze kuhubiri huko."

Madereva tulikuwa tukioshea magari Sokon One, chini kidogo kando ya kijito. Mama mmoja alifunga pampu ya dizeli pale, akamwaga sakafu ya zege yenye njia mbili zilizoinuka ili mtu aweze kuingia chini ya gari, akaunga mpira mmoja mrefu wa maji. Gari uliliosha mwenyewe, kwa sabuni yako na matambara yako. Yeye alikaa kwenye kibanda chake akifuma sweta, akisimamia maji.

Pale palikuwa na adabu zake. Ndoo yako ndiyo iliyosimama foleni. Ukifika uliiweka nyuma ya ndoo ya mwisho, na kila mtu alipomaliza, ndoo zilisogezwa hatua moja, hata ya yule aliyekwenda kunywa uji. Sabuni ulipaka ukiwa bado pembeni, ili zamu yako iwe ya maji tu. Ukimaliza ulisuuza zege, tope lako lisimkute mwenzako, na mpira hukuutupa chini. Ulimpa anayefuata mkononi. Juu ya hayo kulikuwa na moja ambalo hakuna aliyelibishia: gari la msiba halikai foleni. Likija na tawi bichi limefungwa mbele na taa zinawaka mchana, ndoo zote hurudi nyuma, watu huvua kofia, na wenye nguvu hushika matambara kusaidia. Marehemu hapelekwi nyumbani katika gari chafu.

Alhamisi ile nilifika saa moja na nusu, nikakuta ndoo nne mbele yangu. Sikuona haja ya kuhangaika. Ilipofika saa nne kasorobo ndoo yangu ilikuwa ya kwanza, nimeshapaka sabuni gari zima, na aliyekuwa kwenye zege alikuwa ananinyooshea mpira. Ndipo ikaingia Land Rover nyingine, imewasha taa, na tawi la mgrevilea limechomekwa kwenye bampa. Aliyeshuka nilimfahamu kwa sura. Tulikuwa tukisali usharika mmoja, yeye ibada ya pili, mwanamume wa kama miaka arobaini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina. Mzee, naomba unisaidie. Nina msiba. Nakwenda kuchukua mwili hospitali, na ndugu wananisubiri."

"Pole sana, mwanangu. Ni nani?"

"Shangazi," akasema, akatazama chini.

Nikarudisha ndoo yangu. Na sikuishia hapo. Nilivua kofia, nikawaomba wote wasimame, nikamwombea yeye, na shangazi, na yatima wa shangazi kama wapo, na safari ya kupandisha mwili Uchagani. Nilifundishwa sala na wamisionari, na sala zangu si fupi. Mpira ulikuwa unamwaga maji bure, mpaka mama wa pampu akazima mashine kwa heshima, kisha ikasumbua kuwaka.

Mtu yule alianza kuosha. Nikashika tambara langu nikamsaidia. Nilipoona anahangaika na tope la chini, nililala chali kwenye njia za zege, mimi mzee mzima, nikasugua chesisi yake, springi zake, na ule mfuniko wa oili chini ya injini mpaka chuma kikaonekana. Nyuma ya ndoo yangu kulikuwa na dereva wa teksi, mtani mkubwa, mtu wa mtaa wa Levolosi.

"Mzee," akaniita, "shangazi atalala juu au chini ya injini?"

Wengine wakacheka kwa kujizuia.

"Funga mdomo wako," nikamjibu kutoka chini kule. "Mwenzako ana uchungu."

"Nafunga, mzee wangu. Lakini mimi nimezika watu wengi, sijaona maiti anayekagua oili."

Nilikasirika kweli. Nikatoka chini ya gari nikamkemea mbele za watu kwamba siku atakapofiwa, naye atatamani kuaminiwa. Mtu yule mwenye msiba alikuwa anafuta vioo, ndani na nje, kwa gazeti.

Alipoondoka, saa tano ilikuwa imepita. Sabuni yangu ilikuwa imekauka kwa jua, imeganda na vumbi kama uji juu ya sufuria. Nikaanza upya. Dereva teksi, Mungu ambariki, alinisaidia bila kuambiwa na bila kunisema tena. Sikuvaa hata shati la ibada. Nilibaki na lililolowa. Nilifika getini saa sita na dakika kadhaa, maji yanachuruzika.

Mlinzi alikuwa mtu mwema, akaniruhusu nichungulie. Uani palikuwa na magari matatu kwenye mstari. Mkaguzi alikuwa anatoka chini ya la mwisho, anajipangusa mgongo, anaandika. Kwenye bampa ya gari lile kulikuwa na majani mawili ya mgrevilea yaliyobaki tawi lilipong'olewa.

"Babu, nafasi zilikuwa tatu," mkaguzi akaniambia kwa upole. "Zimejaa. Hata hili la mwisho lisingepita kama lisingekuwa safi hivi chini."

Mtu yule alikuwa amesimama kando ya gari lake. Aliniona. Akainama kutazama matairi, kama mtu aliyedondosha kitu.

Nilirudi kwenye viazi. Giaboksi ilikufa kabla ya masika kwisha, kama fundi alivyosema, na gari likanunuliwa na wauza vyuma waliolikata palepale mbele ya nyumba yangu. Siku walipokuja kulikata nilikwenda kukaa kanisani.

Lakini kabla ya hapo, kama wiki tatu baada ya ukaguzi, mtu yule alikuja nyumbani jioni na wazee wawili wa kwao. Mkononi ameshika jani la isale, limefungwa fundo. Kwetu Uchagani mtu akikuletea isale, amekubali kosa na anaomba msamaha, na huna ruhusa ya kumfukuza. Mimi nilikuwa nimefungwa mara mbili, kwa mila na kwa ile Sala ya Bwana tuliyofundishwa, ambayo naisema kila siku.

"Nilijua imebaki nafasi moja," akasema. "Niliogopa, mzee. Nilikuona toka barabarani, ndoo yako ya kwanza, nikaogopa."

Nikalipokea isale. Nikamshika mkono, tukanywa chai, nikaomba, safari hii kwa kifupi. Walipoondoka mke wangu akakusanya vikombe.

"Na ile kazi ameiacha?" akauliza.

Alikuwa hajaiacha. Mke wangu alikata kipande cha shina la isale, akakichomeka kwenye ukingo wa ua, nadhani kwa hasira, na kikashika.

Nilidhani nimesamehe. Kisha, wiki zilezile za mwisho za gari langu, nikawa tena pale kwenye pampu, ndoo yangu ya kwanza, siku ya mvua. Ikaja pikapu na tawi mbele, taa zinawaka. Akashuka kijana wa kiume mwenye viatu vya shule vilivyojaa tope, akaja kwangu akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Tuna msiba."

Ndoo sikuigusa.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Mama."

"Mama wa nani? Mwili uko hospitali gani?"

Kijana akanitazama. Mama wa pampu aliacha kufuma. Kijana akarudi kwenye pikapu, akafungua pazia la turubai nyuma. Jeneza lilikuwa tayari ndani, na binti mdogo amekaa kando yake, ameliwekea mkono ili lisiteleze. Walikuwa wameteleza njiani wakaingia mtaroni, tope limeruka mpaka juu ya jeneza. Walikuja kumsafisha mama yao kabla ya kumfikisha nyumbani.

Nilirudisha ndoo. Nilitaka kuvua kofia nikagundua sikuwa nimeivaa. Nilitaka kuomba, na hakuna neno lililokuja. Mtu mwingine aliwashikia mpira, akaosha taratibu, wakaondoka, na hakuna aliyenitazama.

Mama wa pampu hakunisema. Alisogeza tu ndoo yangu mbele kwa mguu, akaniambia, "Haya, zamu yako."

Isale lile la mke wangu limekuwa ua mzima sasa, kutoka geti hadi jikoni. Majani ninayo ya kufunga mafundo mpaka nife. Lakini siku ile sikumwuliza kijana yule kwao ni wapi nimpelekee, na walipoondoka niliona tu kwamba wamekata kulia, njia ya kupanda mlimani.